Pingamizi Langu Juu ya Wakili Laurian

Jumapili, 1 Oktoba 2023

Naandika mimi, Paschal Mhoja, ambaye bila mimi mahakama yetu ya mwanzo isingejua kuhukumu. Miaka tisa nilikaa upande wa kulia wa hakimu nikiwa mzee wa baraza. Mahakimu wanne wamepita mikononi mwangu, na kila mmoja alihamishwa akiwa anajua kitu ambacho chuo hakikumfundisha. Mmoja wao, jina nalihifadhi, kabla ya kutoa hukumu ilikuwa lazima anitazame usoni. Nikikohoa, mtu anaachiwa. Nikinyamaza, jela. Wezi wa ng'ombe kuanzia Nyakahura hadi Kakonko walikuwa wakiulizana asubuhi kama leo Mhoja ana mafua.

Kule mahakamani nilijifunza kwamba lisiloandikwa ni kama halikusemwa. Ndiyo maana nimenunua daftari hili la kaunta. Nafungua mwenendo wa shauri. Mlalamikiwa ni kijana anaitwa Laurian, wakili, ofisi yake Ngara mjini. Kosa lake bado silijui. Nitalipata.

Jana Scola alikuja kutoka mjini Biharamulo, akakaa jikoni na mke wangu Kwandu mpaka ugali ukapoa, kisha akaja kwangu akapiga magoti. Scola ni binti wa marehemu kaka yangu Faustini. Nimemlea tangu ana miaka sita, na sasa ni karani wa mahakama, kazi ambayo kila mtu anajua ameipata kwa kunitazama mimi. Akasema kuna mtu anataka kuleta barua. Nikauliza ni mtu gani, akasema wakili. Wa wapi? Wa Ngara. Ukoo gani? Akasema atakuja kujieleza mwenyewe.

Mtu ambaye ukoo wake unangoja mpaka aje ajieleze mwenyewe, hapo pana kitu.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Tumepanda mahindi shamba la juu.

Jumapili, 8 Oktoba

Barua ya posa imeletwa na wazee wawili wa Kihangaza, kabila la Ngara, wapole mno. Imepigwa chapa kwa kompyuta. Ina "Yah:" na chini yake mstari. Aya zina namba, moja mpaka saba, na kila aya inaanza na "Kwamba". Aya ya nne inasema: "Kwamba, mwombaji anampenda Scola, na baada ya kuomba na kufunga anaamini pendo hilo limetoka kwa Mungu."

Mimi hati ya madai naijua hata ikivalishwa gauni. Mtu anayeposa kwa aya zenye namba ana kesi moyoni.

Kwandu aliniomba niisome tena. Aya ya nne aliitaka mara tatu. Nikamwambia haya si mahubiri. Akasema mimi nilipomposa nilituma mtu amwambie baba yake kwamba nina baiskeli.

Jumapili, 15 Oktoba

Amekuja. Naandika kila kitu.

Amefika saa saba mchana baada ya misa, na gari dogo jeupe, amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa katika tope hili. Mtu aliyetoka Ngara katika mvua, viatu visiwe hata na doa. Nilimuuliza. Akasema alikuja na ndala akabadili hapo njia panda. Kwa nini mtu abadili viatu njia panda? Hakuna aliyekuwa anamtazama.

Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba kwa sauti ya baraza. Kabla ya kula akaomba ruhusa asali. Sala yake fupi, haina hata jina la shetani. Nilimuuliza ukoo, akasema ni Mhangaza wa Mugoma, kijiji cha huko Ngara. Akala ugali vizuri, nyama kidogo. Scola alikuwa akipita na maji ya kunawa, na walikuwa wanaitana "karani" na "wakili" kama watu wasiojuana, halafu wote wawili wanatazama chini. Nimekaa na washitakiwa wengi. Wanaotazama chini kwa wakati mmoja wamepanga.

Nikamsimulia ya Rusumo ili nimpime. Nikamweleza jinsi mwaka tisini na nne, watu walipomiminika kutoka Rwanda, laki mbili u nusu kwa siku moja, mimi ndiye niliyesimama kwenye daraja na filimbi. Wanajeshi walikuwa wamechanganyikiwa. Mimi napuliza mara moja, kinapita kina mama. Mara mbili, wazee. Mara tatu, ng'ombe. Jioni ofisa mmoja Mzungu alinishika mkono akalia.

Watu wote hufikia hapo wakasema "aisee". Huyu aliweka kikombe chini, akauliza kwa adabu: "Baba, wakati huo ulikuwa na miaka mingapi?"

Nikasema ishirini na tano. Akauliza filimbi niliipata wapi. Nikasema ya refa. Akauliza refa gani. Scola akamwambia kwa upole, "Wakili, hapa si mahakamani," naye akacheka na kuomba radhi.

Nimeandika hapa: mlalamikiwa humhoji mwenye nyumba.

Alhamisi, 19 Oktoba

Redioni wanasema El Nino. Daraja la kwa Wazinza limeanza kuliwa na maji. Ndama mmoja anaharisha.

Jumanne, 24 Oktoba

Scola yuko likizo wiki hii. Jioni alikuwa barazani na simu, mimi nikiwa nyuma ya dirisha natengeneza mpini wa jembe, ambao ni kweli ulikuwa umelegea. Nilisikia akisema, "Hapana, hilo jalada silishiki. Nilishamwambia hakimu." Kisha kimya. Kisha akasema, "Basi tuombe," na wakaomba, kwa simu, dakika nzima.

Hesabu yangu ni hii. Wakili anataka majalada. Karani ndiye mwenye kabati. Ukimwoa karani, umeoa na kabati.

Nilimweleza Kwandu. Akasema binti alimwambia tangu Agosti: siku walipoanza kuzungumza mambo ya ndoa, alikwenda kwa hakimu akaomba majalada yote ya Laurian yashughulikiwe na karani mwingine. Nikamuuliza kwa nini sikuambiwa. Akasema, "Wewe ukiambiwa jambo leo, kesho limeota pembe."

Sawa. Hoja ya kabati naiondoa. Lakini mtu asiyekuwa na kosa hili ana jingine.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimelipata.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo. Hakuna mtoto anayebatizwa wala ndoa inayofungwa hapa bila barua yenye sahihi yangu. Leo baada ya ibada Katekista Anastazi, mtu mnyoofu kama rula, alileta bahasha ya ndoa nithibitishe kwamba Scola ni Mkristo hai. Wanataka kufunga ndoa Jumamosi ya tarehe ishirini na tano Novemba, kwa sababu wiki inayofuata Majilio yanaanza, na Padre hafungishi ndoa kipindi cha Majilio. Matangazo kanisani yatasomwa Jumapili tatu.

Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha ubatizo cha Laurian. Nikakisogeza kwenye mwanga. Amezaliwa: Lukole, 1995. Amebatizwa: Lukole, 1995.

Asiyejua huku kwetu nitamweleza. Lukole ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi. Mwaka huo Lukole hapakuwa na mtu anayezaliwa kwa bahati mbaya. Aliyezaliwa mle ni wa mle.

Ugomvi na wakimbizi sina, nimekwisha andika habari ya Rusumo. Ningeambiwa mapema kwamba ni mtoto wa kambi, labda ningemkaribisha kwa heshima kubwa kuliko yeyote. Lakini alikaa mezani kwangu, akasema ni Mhangaza wa Mugoma, akanihoji miaka yangu. Mtu anayeuliza miaka ya mwenzake huku yake ameifunika. Kambi ilipofungwa wenzake walirudi kwao. Huyu alibaki kwa karatasi gani? Mtu asiye raia anavaaje joho la wakili? Na siku watakapomgundua, Scola wangu atakuwa wapi, na watoto?

Katekista aliniuliza kama natia sahihi. Nikasema kalamu imekauka. Akatoa ya kwake. Nikasema na macho pia.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Nimepalilia kaburi la Faustini nikamweleza jambo lote. Hakupinga.

Jumapili, 5 Novemba

Tangazo la kwanza limesomwa. Katekista akasema mwenye kujua kizuizi aseme kwa Padre. Kwandu akanitazama. Mimi nikatazama msalaba.

Baada ya ibada nikampa Anastazi barua yangu kwa Padre. Niliiandika siku tatu. Kichwa chake: "Yah: Pingamizi juu ya ndoa ya mtu asiyejulikana asili yake". Aya tano, zote zinaanza na "Kwamba". Na mimi naweza. Mwishoni, kama barua yoyote ya kiofisi inavyotakiwa, nikaorodhesha nakala: Afisa Uhamiaji (W), Mkuu wa Wilaya, Hakimu, Chama cha Mawakili.

Hizo nakala ni za heshima tu. Barua bila nakala ni kama shati bila vifungo. Miaka yote tisa niliona barua zenye nakala kumi, na sidhani hata moja ilikwenda mahali.

Jumatano, 8 Novemba

Anastazi amekuja kunipa taarifa kwamba kazi imekamilika. Nikauliza kazi gani. Akasema barua. Aliona orodha ya nakala, hakukuta nakala zenyewe, akadhani nimesahau. Basi amekwenda mjini, amezitoa kwa mashine, na amezipeleka kote kwa mkono wake. Ya mawakili ameituma kwa basi, nayo ofisi ya basi imegonga muhuri wake. Ana mihuri ya mapokezi kwenye kila moja, akanionyesha. Mihuri minne, imekaa vizuri.

Nilimshukuru. Ningefanya nini kingine?

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua siku nzima. Sikula.

Jumapili, 12 Novemba

Tangazo la pili halikusomwa. Padre ameagiza ndoa isimame mpaka kikao. Watu walitoka kanisani wakinisalimia kwa haraka kama mtu mwenye ukoma. Mama mmoja wa kwaya alisema, bila kuniangalia, kwamba vyungu vya sherehe vilikuwa vimekwisha kuazimwa.

Jumatatu, 13 Novemba

Scola amekuja na basi la asubuhi. Nilijiandaa kwa kelele. Nilikuwa na majibu ya kelele. Alikaa kwenye kigoda, mkoba bado begani, akanieleza kwa sauti ya karani anayesoma jalada. Laurian ameitwa Uhamiaji Ngara, amehojiwa saa tatu, hati yake ya kusafiria imeshikwa. Chama cha mawakili kimemwandikia ajieleze ndani ya siku kumi na nne. Wateja wawili wamechukua majalada yao wakaenda kwa wakili mwingine. Ameambiwa alete ushahidi wa asili ya wazazi na mababu.

Nikasema kama ana ushahidi hana la kuogopa.

Akanitazama. "Baba mdogo, umekula naye. Ungemuuliza yeye kwanza, ungepoteza nini?"

Nikaanza kueleza taratibu, kwamba mlalamikiwa haonyeshwi ushahidi kabla ya shauri kusikilizwa. Akasema mahakamani anaonyeshwa, tena anapewa nakala, na kwamba hilo nilipaswa kulijua. Kisha akaingia kwa Kwandu, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii wanawake wawili walilia bila kuzungumza. Mimi nilikwenda kutazama ndama.

Jioni alirudi mjini. Alinipa shikamoo ya kuaga. Ingekuwa bora asinipe.

Jumanne, 14 Novemba

Ndama amekufa.

Padre ameweka kikao Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tatu, nami nimeitwa kama mleta pingamizi, nije na uthibitisho. Nina cheti kimoja tu, na hicho ni chao. Lazima niende Mugoma nikapeleleze mwenyewe. Kwetu Wasukuma kabla ya ng'ombe kupokelewa watu hutumwa kwa siri kuuliza ukoo wa kijana: kuna wachawi, kuna kifafa, kuna wavivu? Safari hii haikufanyika kwa sababu Scola alisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Haya, yamerudi.

Ijumaa, 17 Novemba

Naandika nikiwa Mugoma, nyumbani kwa mlalamikiwa. Itaeleweka.

Jana nilipanda basi mpaka Ngara, kisha bodaboda. Tulianguka mara mbili. Mara ya pili niliiinua pikipiki kwa mkono mmoja, dereva na mzigo vikiwa juu. Nilishukia mbali kidogo ili nifike kwa miguu kama mfanyabiashara. Nilikuwa nimejipangia kuwa mnunuzi wa maharage. Mfuko nilikuwa nao, na kamba.

Nyumba niliyoelekezwa ina bati na uwanja uliofagiliwa, migomba nyuma. Mama mmoja mfupi alikuwa shambani anapalilia. Jina lake Secilia. Nikajitambulisha, Mzee Masanja kutoka Geita, nanunua maharage. Akanipa kiti. Akanisikiliza nikieleza aina zote, ya njano, ya soya, yale yenye madoadoa, na gari langu linalongoja Ngara. Alikuwa akiitikia taratibu na kuchambua mboga. Nilipomaliza akanyoosha kidole shambani.

"Maharage yangu ndiyo hayo, mzee. Yametoa maua juzi. Tutavuna mwezi wa kwanza." Akaendelea na mboga. "Wewe ni baba mdogo wake Scola. Laurian alinieleza: kofia ya kijani, na anakohoa kabla ya kusema."

Mimi ni mkulima. Nyumbani nina ekari mbili za maharage, yote maua. Nimevuka wilaya nzima kwenda kununua maharage Novemba.

Nikavua kofia. Akasema kwanza nile. Nilikula. Ndizi na maharage makavu ya msimu uliopita, na hakulisema hilo, lakini nililiona.

Kisha akanieleza bila kuulizwa jinsi alivyomzaa Laurian. Mwaka ule alikuwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Zahanati yao haikuwa na mtu wa kupasua. Ila kambini Lukole kulikuwa na hospitali ya mashirika, madaktari, taa usiku kucha, na wanavijiji walikuwa wanapokelewa. Mume wake na majirani walimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani, gari la shirika likamchukua. Alipasuliwa kule. Mtoto alitoka wa bluu. Padre wa kambi akambatiza pale pale kwa maji ya chupa kwa sababu hakuna aliyetegemea aone asubuhi. Ndiyo maana jina lake liko kwenye kitabu cha Lukole.

"Mwaka huo," akasema, "nusu ya watoto wa huku walizaliwa Lukole. Mwalimu wetu mkuu kazaliwa Lukole. Mtendaji wetu pia. Uhamiaji wa siku hizi ni vijana, hawakuwepo. Lakini wewe kwa umri wako nilidhani ungejua."

Akaingia ndani akatoa kadi ya kliniki, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Jina la mama, kijiji: Mugoma. Uraia: Mtanzania. Ni wino ule wa bluu wa zamani.

Bado sikutaka kukubali upesi; shahidi mmoja ni mmoja. Akasema basi twende migombani. Kule kuna makaburi manne. La mume wake, la saruji. La baba mkwe, mawe. La babu yake mume, mawe na mti wa mrumba uliopandwa kichwani. La nne limekuwa kichuguu tu, na hawajui tena jina vizuri, wanamwita Mzee wa Kwanza. Kila mwaka wanapalilia.

Baba yangu mimi amezikwa Shinyanga, sijafika kaburini kwake tangu mwaka elfu mbili na tatu. Babu yangu sijui alipo. Katika wilaya nzima ya Biharamulo ukoo wangu una kaburi moja, la Faustini. Na mimi ndiye niliyeandika "mtu asiyejulikana asili yake", nikaweka na mstari chini.

Secilia hakusema neno lolote la kunishinda. Alinitolea godoro chumba cha Laurian, kwa sababu ya mvua barabara ilikuwa haipitiki. Ukutani kuna picha ya mahafali yake na rozari. Nilitafuta kitu cha kumshuku. Nilifungua hata kitabu kilichokuwa dirishani. Kilikuwa kitabu cha nyimbo za kanisa, na katikati kuna karatasi ya risiti ya basi, nyuma yake maandishi ya Scola: "Zaburi ya leo, usisahau kula."

Jumapili, 19 Novemba

Nimerudi. Kwandu aliuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona makaburi. Akaacha kuniuliza, akanipashia maji.

Alhamisi, 23 Novemba

Kikao kimefanyika parokiani. Padre mezani, Anastazi akiandika, Laurian upande mmoja na mama yake, mimi upande wangu peke yangu. Scola na Kwandu nyuma. Laurian amekonda. Viatu vina tope.

Padre akanitaka nieleze pingamizi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilianza kwa kusema katika miaka yangu tisa ya baraza. Nikamwona Secilia ameshika ule mfuko wa nailoni kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika ekaristi. Nikasema: "Naliondoa. Nilikosea. Makaburi yao nimeyaona mwenyewe."

Padre akamgeukia Laurian akamwambia ana haki ya kumuuliza mleta pingamizi maswali yoyote, kwa kuwa ameumizwa. Huyu ndiye aliyeniuliza refa gani. Angeanza tu na tarehe ya barua, na zile nakala, angenivua mpaka soksi mbele ya mke wangu.

Laurian akasimama, akafunga kifungo cha koti kama wanavyofanya. Akanitazama muda.

"Sina swali kwa shahidi, Padre."

Akakaa.

Nimesikia hukumu nyingi. Hiyo ndiyo pekee iliyonifanya niombe maji.

Lakini ndoa ya Jumamosi haiwezekani tena. Matangazo mawili hayajasomwa, Uhamiaji hawajamaliza, na Majilio yanaanza. Padre akasema labda baada ya Noeli. Nguo ya Scola iko tayari kwa fundi. Alisema itakaa kwenye sanduku, haitaoza.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimeandika barua ya kuondoa pingamizi, na nakala zake, nne. Nilimkataza Anastazi asizipeleke. Nilianza kwa miguu kwenda barabarani mvua ikinyesha, nikasikia honi. Ni lile gari jeupe. Laurian alikuwa amelala parokiani, akasema naye anaelekea huko huko.

Tulizunguka ofisi zote. Kila mahali niliingia peke yangu, nikaeleza peke yangu, nikagongewa muhuri. Uhamiaji afisa kijana aliniuliza kama ninajua uzito wa kumsingizia mtu asili. Nikasema sasa ninaujua. Ya chama cha mawakili Laurian aliituma kwa simu yake, ameipiga picha. Hata hakuisoma kwanza, nilikuwa namtazama.

Njiani kurudi hatukuzungumza mpaka pale mto ulipopita juu ya barabara tukasimama kungoja. Akazima gari. Akasema, "Baba, ile ya Rusumo hukuimaliza."

Nikamsimulia. Lakini safari hii watu niliwapunguza wakabaki elfu kumi, na yule Mzungu hakulia. Alicheka mahali panapotakiwa.

Jumapili, 3 Desemba

Majilio. Mahindi ya shamba la juu yamelala kwa upepo. Scola alikuja, akala, akaondoka. Amenisalimia kidogo zaidi ya mara iliyopita.

Ijumaa, 8 Desemba

Kadi ya kliniki, mtendaji wa Mugoma na wazee wanne wamekwenda Uhamiaji. Wamemaliza. Hati ya kusafiria imerudishwa. Mteja mmoja amerudi. Wa pili hajarudi.

Bahasha ya ndoa imeletwa tena. Kalamu yangu inaandika vizuri sana.

Jumapili, 10 Desemba

Tangazo la pili limesomwa. Nilikaa nimeweka mikono yote miwili juu ya magoti watu waione.

Jumapili, 17 Desemba

La tatu. Anastazi alisoma polepole, akasimama kidogo, akanichungulia juu ya miwani. Nikamwambia kwa mdomo bila sauti asonge mbele.

Baadaye Scola alinikuta nje kwenye baiskeli. Akasema amemwambia Padre kwamba mimi ndiye nitakayemwingiza kanisani. Akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia mtu aliyeongoza watu elfu kumi hashindwi na mmoja. Akasema, "Ilikuwa laki mbili u nusu, Baba mdogo," akanishika mkono kidogo, akaenda.

Jumamosi, 30 Desemba

Wameoana.

Jua liliwaka tangu asubuhi, la kwanza wiki nzima. Nilimwingiza Scola kwa hatua zangu za baraza, kila mtu akaona. Nguo haikuoza. Secilia alikaa karibu na Kwandu na walikuwa wakipeana leso bila kuangaliana.

Baada ya mahubiri, Padre, kwa historia yetu, aliona bora aulize kwa mara ya mwisho kama kuna mwenye kizuizi chochote. Na mimi nikasimama.

Kwaya iligeuka. Anastazi alishika kichwa. Niliona mabega ya Scola yakikaza, naye hakugeuka. Laurian ndiye aliyegeuka, akanitazama kama alivyonitazama kwenye kikao, na hakuwa na hofu. Padre akasema taratibu, "Mzee Paschal?"

Nikasema, "Mungu awabariki watoto wangu wote wawili." Nikakaa.

Vigelegele vilichukua muda. Kwenye sherehe watu walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. Padre mwenyewe alisema ni jambo kubwa, mtu aliyepinga asimame mahali pale pale abariki. Mzee wa Mugoma alisema ataisimulia kwao. Mimi nilipokea yote, nikaeleza jinsi nilivyolipanga kwa wiki mbili, na mpaka jioni nilikuwa nimeongeza Askofu katika hadithi.

Ila kisichoandikwa hakikusemwa, na hili nimeona niliandike humu tu, daftari nalifungia sandukuni. Sikulipanga. Usiku wa jana sikupata usingizi kwa wasiwasi, na wakati wa mahubiri nilisinzia. Kwandu akanipiga kiwiko. Nikasimama kwa sababu nilidhani watu wanasimama kwa Injili.